VOO, CSPX, VT, VWRA au UTT? Ulinganisho wa mifuko kwa mwekezaji wa Arusha na Moshi

Siku hizi ukikaa na waongoza watalii wa Sakina au walimu wa Moshi mjini, mazungumzo ya akiba hayaishii kwenye kiwanja na kikoba. Watu wanataja VOO, wanataja VT, mifuko ya hisa inayouzwa Marekani, wanauliza kama ni kweli mtu aliyeko Njiro anaweza kumiliki sehemu ya kampuni 500 za Marekani kupitia simu yake. Anaweza. Tatizo ni kwamba ushauri mwingi unaozunguka umeandikiwa Mmarekani: analipwa kwa dola, anakatwa kodi ya kwao, na hatifungani za serikali yake, yaani mikopo ambayo wananchi huipa serikali kwa riba, hazilipi kama zetu. Ukiubeba ushauri huo mzimamzima, utachagua mfuko mzuri wa mtu mwingine.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua ninakoelekea. Sehemu ya hatifungani ibaki nyumbani, kwa shilingi. Sehemu ya hisa za dunia iende kwenye mfuko mmoja mpana uliosajiliwa Ireland, si ule wa Marekani unaotajwa na kila mtu. Na uwiano kati ya sehemu hizo mbili uamuliwe na mahali riziki yako inakotoka, kabla ya umri wako na kabla ya ujasiri wako.

Kipande cha UTT na kipande cha ETF

ETF ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja ambao vipande vyake vinauzwa sokoni kama hisa ya CRDB au NMB. Bei inapanda na kushuka saa zote soko likiwa wazi, na anayekuuzia ni mwekezaji mwenzako kupitia dalali. Vipande vya UTT AMIS, taasisi ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, haviendi hivyo. Unanunua kwa meneja wa mfuko, kwa thamani halisi ya kipande inayotangazwa kila siku ya kazi, na ukitaka kutoka yeye ndiye anayekurudishia fedha.

Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) ndiyo kwanza linaanza kupata ETF. Nairobi, ambayo kwa mtu wa Arusha ni karibu kuliko Dar, imekuwa na ETF ya dhahabu, NewGold ya Absa, tangu 2017. Johannesburg zipo nyingi, zikiwemo za Satrix zinazofuata hisa za dunia kwa randi. Lakini uchaguzi mpana uko New York na London, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa sababu mfuko unaofuata kampuni zilezile unaweza kukukata kodi tofauti kabisa kulingana na nchi uliposajiliwa.

Marekani au Ireland

Chukua mifuko minne ambayo watu huiulizia zaidi. Miwili inafuata S&P 500, yaani kampuni kubwa 500 za Marekani. Miwili inafuata hisa za dunia nzima. Katika kila jozi, mmoja ni wa Marekani na mwingine ni wa Ireland.

| | VOO | CSPX | VT | VWRA |
|---|---|---|---|---|
| Unafuata nini | S&P 500 | S&P 500 | Dunia nzima | Dunia nzima |
| Umesajiliwa wapi | Marekani | Ireland | Marekani | Ireland |
| Unauzwa wapi | New York | London | New York | London |
| Ada ya mwaka | 0.03% | 0.07% | 0.06% | Karibu 0.2% |
| Kodi ya zuio ya Marekani kwenye gawio | 30% | 15%, ndani ya mfuko | 30% | 15% kwa hisa za Marekani tu, ndani ya mfuko |
| Gawio | Unalipwa | Linawekezwa tena humohumo | Unalipwa | Linawekezwa tena humohumo |
| Kodi ya mirathi ya Marekani | Ipo, juu ya dola 60,000 | Haipo | Ipo, juu ya dola 60,000 | Haipo |

Ukitazama mstari wa ada peke yake, Marekani imeshinda. Teremka mstari mmoja. Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo mkazi wa Arusha anayepokea gawio kutoka mfuko wa Marekani anakatwa asilimia 30 kabla fedha haijafika kwenye akaunti yake. Fomu ya W-8BEN ambayo dalali atakujazisha inathibitisha tu kwamba wewe si Mmarekani. Mtu wa nchi yenye mkataba hupunguziwa kwa fomu hiyohiyo. Sisi hatupunguziwi kitu. Ireland mkataba inao, na mifuko ya hisa iliyosajiliwa kule hukatwa asilimia 15 inapopokea gawio la kampuni za Marekani. Ireland yenyewe haimkati mwekezaji wa nje anapopokea chake.

Tupige hesabu. Una dola 10,000, na tuchukulie S&P 500 inatoa gawio la asilimia 1.3 kwa mwaka, yaani dola 130. Ukiwa na VOO, kodi inachukua dola 39 na ada dola 3: jumla dola 42. Ukiwa na CSPX, kodi inachukua dola 19.50 na ada dola 7: jumla dola 26.50. Mfuko wenye ada ndogo zaidi ndio uliokugharimu zaidi. Tofauti ya dola 15 na nusu kwa mwaka haionekani kubwa, lakini inakatwa kila mwaka, juu ya mtaji unaokua, kwa miaka yote utakayokaa. Bandu bandu huisha gogo.

Kati ya VT na VWRA pengo la kodi ni baya zaidi. VT ni mfuko wa Marekani, kwa hiyo gawio lililotoka kampuni ya Japani au India nalo, likishapita kwenye mfuko huo, linakatwa asilimia 30 likija kwako. Unalipa kodi ya Marekani kwa faida iliyopatikana Tokyo. VWRA hauna mzigo huo.

Kisha kuna mirathi, jambo ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Mtu asiye raia wala mkazi wa Marekani akifariki akiwa na mali za Marekani, hisa na ETF za kule zikiwemo, msamaha wake ni dola 60,000 tu. Kinachozidi hapo hutozwa kwa viwango vinavyopanda hadi asilimia 40. Dola 60,000, ukizihesabu kwa shilingi 2,500, ni milioni 150. Leo inaonekana mbali. Kwa mtu wa miaka 30 anayeweka kila msimu na kuacha faida izae faida hadi astaafu, si mbali hivyo. Na hata ikiwa deni la kodi ni dogo, mjane wa Marangu atatakiwa kushughulikia fomu za mamlaka ya kodi ya Marekani wakati ambapo familia bado inahangaika na mahakama ya mwanzo na cheti cha kifo. Vipande vya mfuko wa Ireland si mali ya Marekani kwa sheria hiyo, hata kama ndani yake mna Apple na Microsoft.

Upande wa Ireland nao una kasoro zake. Programu nyingi za simu zinazokuruhusu kununua kwa dola tano tano huuza mifuko ya New York tu. London mara nyingi unanunua kipande kizima: VWRA kimoja kimepita dola 100, na CSPX kimoja ni mamia ya dola. Pengo kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza pia huwa pana kidogo kuliko la VOO, ambao unauzwa kwa wingi mno. Kwa mtu anayeanza na dola 50, VOO unafikika na CSPX haufikiki. Lakini mtu mwenye dola 50, kwa maoni yangu, hajafika hatua ya kununua mfuko wa nje. Nitaeleza kwa nini nikifika kwenye gharama za kutuma fedha.

Usitegemee jina kujua mfuko umesajiliwa wapi, maana waendeshaji wa mifuko hii, Vanguard na iShares, wanayo ya pande zote mbili. Tazama ISIN, namba ya utambulisho wa mfuko. Ikianza na US, ni wa Marekani. Ikianza na IE, ni wa Ireland.

S&P 500 au dunia nzima

Hapa tofauti ni ndogo kuliko makelele yake. Marekani peke yake inachukua zaidi ya asilimia 60 ya fahirisi ya dunia, yaani orodha ya kampuni ambayo mfuko unaifuata, kwa hiyo mwenye VWRA tayari amejaa Marekani. S&P 500 imeipita dunia kwa muda mrefu tangu 2010, na aliyekaa na CSPX miaka yote hiyo alifanya vizuri. Ila kabla ya hapo, kuanzia 2000 hadi mwisho wa 2009, S&P 500 ilimaliza miaka kumi ikiwa chini ya ilipoanzia, hata ukijumlisha gawio. Wakati huohuo masoko ya nchi zinazoinukia yalikuwa yakipanda. Hakuna ajuaye muongo ujao utafanana na upi. VWRA unaniondolea kazi ya kubashiri: ndani yake mna zaidi ya kampuni 3,500, na nchi ikikua uzito wake unakua wenyewe.

Afrika humo ni ndogo sana. Zipo Afrika Kusini na Misri, basi. Mwenye mfuko wa "dunia nzima" hana hata senti moja kwenye Twiga Cement, NMB au CRDB. Akizitaka atazinunua DSE mwenyewe kwa dalali au kupitia mfuko wa ndani.

Kosa ninaloliona zaidi ni kununua VOO, halafu VTI, halafu QQQ, kwa kuamini kwamba mifuko mitatu ni mseto. VOO na VTI, mfuko wa soko zima la hisa za Marekani, zinafanana kwa sehemu kubwa sana, na QQQ inafuata Nasdaq-100, ambako majina ya juu ni yaleyale: Nvidia, Microsoft, Apple. Siku teknolojia ya Marekani ikianguka, yote mitatu inaanguka pamoja.

Hatifungani: za nje au za kwetu

Vitabu vya uwekezaji vya kigeni vitakuambia uchanganye hisa na mfuko wa hatifungani kama BND au AGG. Ada zake ni ndogo, asilimia 0.03, na kwa Mmarekani zinafanya kazi yake. Kwa mtu wa Moshi sioni sababu. Kwanza, usalama wake si wa kudumu: mwaka 2022 hatifungani za Marekani kwa ujumla zilipoteza karibu asilimia 13, mwaka uleule ambao S&P 500 ilipoteza karibu asilimia 18. Pili, unasafirisha fedha, unalipia kubadili shilingi kuwa dola na unalipia kutuma, ili ukapate faida ya asilimia nne au tano.

Nyumbani hali ni nyingine. Hatifungani ya Hazina ya miaka 25 ilipoanzishwa 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, mwaka uliofuata ikatolewa kwa 12.56. Viwango hupanda na kushuka, na usitegemee cha 2021 kirudi. Lakini mfumuko wa bei umekuwa kati ya asilimia 3 na 4 kwa miaka kadhaa sasa, kwa hiyo mwenye hatifungani anabaki na faida ya kweli. Zaidi ya hayo, riba ya hatifungani za serikali zinazozidi miaka miwili haikatwi kodi ya zuio.

"Shilingi je, ikishuka?" Swali zuri, na jibu lake liko kwenye miaka ya karibuni. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 2,330. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600, na kila mtu mjini alikuwa anatafuta dola. Aliyezinunua wakati huo kwa hofu alizikuta Desemba 2024 zikiwa karibu na 2,400. Shilingi inaweza kushuka asilimia nane kwa mwaka, kisha ikarudi. Ukiipunguza riba ya asilimia 12 kwa mporomoko wa namna hiyo, unabaki na karibu kilekile ambacho ungepata Marekani. Mwaka ambao shilingi haijashuka, umeshinda mbali. Hatari halisi ya hatifungani zetu ni kwamba zote zinasimama juu ya serikali moja na uchumi mmoja. Hisa za dunia ndizo zinazokupa mguu wa pili.

Ukwasi, Hatifungani, Umoja

Unaweza kununua hatifungani moja kwa moja kupitia benki au dalali kwenye mnada wa Benki Kuu, kuanzia shilingi milioni moja, na kupokea riba kila miezi sita. Ni njia nzuri kwa mwenye fedha ambayo hataigusa. Shida hutokea ukitaka kuuza kabla ya muda: lazima apatikane mnunuzi, na kama riba za mpya zimepanda, yako itauzwa kwa bei ya chini. Kwa watu wengi mfuko ni rahisi zaidi.

UTT AMIS ina mifuko sita. Watoto, Jikimu na Wekeza Maisha nitaipita. Ina matumizi yake maalumu. Mitatu iliyobaki ndiyo inayoshindana kwenye swali letu.

Mfuko wa Ukwasi, ulioanza 2013, hauna hisa. Unaanza na shilingi 100,000, unaongeza kuanzia 10,000, hakuna ada ya kuingia wala ya kutoka, na ukiomba fedha unalipwa ndani ya siku tatu za kazi. Hapo ndipo panapofaa fedha ya dharura na fedha inayosubiri kwenda mahali pengine. Nausifu bila kusita. Katika miaka ya karibuni umelipa faida ya tarakimu mbili kwa mwaka, kiwango ambacho akaunti ya kawaida ya akiba benki haijakaribia.

Mfuko wa Hatifungani ni wa 2019 na unaanza na shilingi 50,000. Karibu fedha zake zote zimelala kwenye hatifungani. Unaweza kuacha faida ikue ndani, na mwenye kuanzia milioni 10 anaweza kuchagua kulipwa kila mwezi. Kwa mstaafu wa Moshi aliyepokea kiinua mgongo na hataki kufukuzana na wapangaji, huu ningeutazama kabla ya nyumba ya kupangisha. Kwa anayejenga mtaji, ndio nguzo ya upande wa shilingi.

Umoja ndio mkongwe, wa 2005, na unachanganya hisa za DSE na hatifungani katika mfuko mmoja. Anayesema anataka uwekezaji wenye uwiano na hataki kuhangaika na mifuko miwili, Umoja umemfanyia kazi hiyo tayari. Kutoka kuna ada ya asilimia moja, na malipo yanaweza kuchukua hadi siku 10 za kazi, kwa hiyo usiweke humo ada ya shule ya Januari. Wenye VWRA na Mfuko wa Hatifungani wanaweza kuuongeza Umoja kidogo ili nao wawe na NMB na Twiga, si lazima.

UTT si peke yao. Ipo mifuko mingine yenye leseni ya CMSA (mamlaka ya masoko ya mitaji na dhamana), kama Faida Fund wa Watumishi Housing, na ushindani huo ni mzuri kwetu. Mtu akikuletea "mfuko" unaoahidi asilimia kumi kwa mwezi, uliza namba ya leseni ya CMSA. Asipoitoa, mazungumzo yaishe hapo.

Mwongoza watalii na mwalimu hawahitaji uwiano mmoja

Ukimtazama mwongoza watalii wa Arusha kwa juu juu, utasema ni mtu wa dola: tipu ni dola, malipo ya safari mara nyingi yanahesabiwa kwa dola, basi aweke nyingi kwenye hisa za dunia kwa kuwa anaielewa dunia. Mimi nasema kinyume chake.

Rudi Machi 2020. Kati ya Februari 19 na Machi 23, S&P 500 ilianguka karibu asilimia 34. Wiki zilezile, ndege zilikuwa zinafuta safari za Kilimanjaro, kambi za Serengeti zinafungwa, na magari yameegeshwa Sakina yakiwa na vumbi. Watalii waliokuja Tanzania walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi karibu 620,000 mwaka 2020. Soko la Marekani lilirudi lilipokuwa kufikia Agosti mwaka huohuo. Wageni walichelewa sana kuliko soko. Mwongoza watalii aliyekuwa na akiba yote kwenye VOO angelazimika kuuza Aprili, kwa bei ya chini kabisa, ili watoto wale. Kazi yake na hisa zake zilikuwa zimefungwa kwenye kamba moja: mfuko wa Mmarekani ukinenepa anapanda mlima, ukikonda anabaki kwao.

Kwa hiyo mtu huyu, akiwa na milioni 20 baada ya msimu mzuri wa Juni hadi Oktoba, ningemshauri hivi. Milioni 6 kwenye Ukwasi: hiyo ni ya Aprili na Mei, mvua za masika, na ya mwaka mbaya. Milioni 8 kwenye Mfuko wa Hatifungani. Milioni 6 kwenye VWRA. Ni asilimia 30 tu ya hisa za dunia, na kwa kijana wa miaka 32 vitabu vitasema ni kidogo mno. Vitabu havikumuona 2020. Mpagazi wa Moshi na mkulima wa kahawa wa Machame wako kundi hilohilo. Riziki yao nayo inapangwa na watu wa mbali, hata kama mkulima anauzia chama cha ushirika cha hapohapo kijijini.

Mwalimu wa serikali wa Moshi amesimama upande wa pili. Mshahara wake ni shilingi na haukukatika 2020. Pensheni yake ya PSSSF ni shilingi. Kiwanja chake cha Himo ni shilingi, na kihamba cha familia kiko hapahapa mlimani. Kila alichonacho kinategemea uchumi wa Tanzania. Huyu ndiye hasa anayehitaji hisa za dunia, na ndiye ambaye mara nyingi huambiwa hazimfai. Akiwa na mshahara usiokatika, anaweza kuvumilia soko likianguka bila kulazimika kuuza. Ningempa asilimia 50 hadi 60 kwenye VWRA, 30 kwenye Hatifungani, iliyobaki Ukwasi. Ninachosisitiza ni mpangilio wa hatua: Ukwasi ujae kwanza hadi ufikie matumizi ya miezi mitatu au minne, ndipo fedha ya nje ianze kutengwa.

Mwenye duka la nguo Kwa Mrombo yuko katikati. Mauzo yake ni shilingi, lakini mteja wake mkubwa ni mke wa mwongoza watalii, na mwaka 2020 duka liliyumba bila hata mgeni mmoja kuingia mlangoni. Nusu kwa nusu inamtosha.

Gharama za kufika London

Benki ikikutoza, tuseme, dola 40 kwa jumla kutuma fedha nje, na wewe unatuma dola 200, umepoteza asilimia 20 kabla hujanunua kitu. Ukituma 2,000, umepoteza asilimia 2. Hii ndiyo sababu mwenye dola 50 hana haraka na ETF za nje. Mwalimu anayetenga 150,000 kwa mwezi aziache kwenye Ukwasi, zikizaa, hadi zifike kiasi cha kutuma mara moja kwa mwaka. Atafuatwa na watu wakimwambia anachelewa sokoni. Asiwasikilize, fedha iliyo kwenye Ukwasi haijalala. Mwongoza watalii mwenye akaunti ya dola ana nafuu hapa, maana hapotezi kwenye kubadili fedha mara mbili.

Sheria nayo ina neno. Fedha zinazotoka nchini kwenda kuwekezwa nje zinasimamiwa na Benki Kuu chini ya Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992 na kanuni zake, na kanuni za 2022 zimefungua mlango zaidi kwa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC kuliko kwingine. London haimo katika hizo. Kaa na ofisa wa fedha za kigeni wa benki yako kabla ya kufungua akaunti kwa dalali wa nje, mweleze unachotaka kununua, na upate jibu kwa maandishi. Kama njia ya London itakuwa na milolongo usiyoiweza, ETF za dunia zilizoko Johannesburg ni mbadala wa kweli, japo utakuwa umeongeza yumbayumba ya randi katikati.

Na kodi ya nyumbani ipo. Mkazi wa Tanzania hutozwa kwa mapato yake ya popote duniani, kwa hiyo faida ya kuuza VWRA ni ya kutangazwa TRA. Gawio la kampuni za DSE hukatwa asilimia 5 papohapo na halikusumbui tena. Tunza taarifa za dalali za kila mwaka, hasa bei uliyonunulia na kiwango cha dola siku ile. Miaka 15 baadaye hutazikumbuka.

Kurudisha uwiano

Mara moja kwa mwaka inatosha. Mwongoza watalii afanye Novemba, msimu mkubwa ukiwa umeisha na fedha ipo. Mwalimu siku anayotuma fedha yake ya mwaka. Tazama kila sehemu imefika asilimia ngapi. Kama hisa za dunia zilikuwa 30 na sasa ni 37, usiuze: fedha mpya ya mwaka huo ipeleke yote kwenye Hatifungani. Kama zimeshuka hadi 22, ipeleke London, hata kama redio nzima inasema dunia inaisha. Kuuza kunaleta kodi na ada. Kuelekeza fedha mpya hakuleti. Ni pale tu sehemu moja inapopita lengo kwa zaidi ya pointi kumi, na fedha mpya haitoshi kuirudisha, ndipo uuze kidogo.

Siku hiyohiyo hakikisha kumbukumbu zako za UTT zina jina la mrithi ambaye bado unamtaka, na mwenzako nyumbani ajue jina la dalali wa nje, namba ya akaunti, na kwamba ndani yake mna mfuko wa Ireland. Nywila usimwandikie kwenye karatasi. Atakachohitaji akienda mahakamani ni kujua tu kwamba akaunti hiyo ipo na iko kwa nani.